Dada wa Kazi

Mimi kazi yangu ni macho ya watu. Nina duka la miwani, chumba kimoja chenye kioo, kiti cha mteja na ile chati ya herufi ukutani, ambayo wateja wangu wengine wameshaikariri ili wasiambiwe wanazeeka. Diploma yangu imening'inia juu ya chati. Siku moja mzee mmoja aliamua kuisoma hiyo badala ya herufi, akashuka nayo mpaka kwenye muhuri. Nikamwambia, mzee wangu, wewe huna shida ya macho, wewe una muda mwingi tu.

Ijumaa mchana nilikuwa nampima fundi mmoja wa kuchomelea vyuma pale binti wa kaka yangu alipoingia na furushi la vijitabu kifuani, uso unang'aa kama ametoka kujifungua.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Wewe ndiye wa kwanza kukiona!"

"Marahaba, mama. Wa kwanza baada ya baba yako."

"Ah, Baba hahesabiwi. Ameshakisoma mpaka amekichoka."

Kesho yake kaka yangu alikuwa anaagwa kazini. Mhandisi wa barabara, amefika umri wa kustaafu, na amestaafu kwa mbwembwe: ukumbi, mkurugenzi, maikrofoni, na kijitabu cha maisha yake kilichotengenezwa na bintiye anayejua mambo ya kompyuta. Mimi mchango wangu ulikuwa picha. Mwezi uliopita nilifungua sanduku, nikamkabidhi binti picha zote za ile safari yetu ya treni tukiwa watoto, pamoja na karatasi za daftari nililokuwa naandika njiani.

Na kweli, picha ilikuwa pale kwenye jalada. Treni imesimama stesheni, dirisha moja, vichwa vitatu. Kaka yuko katikati, kidevu juu, utadhani treni ameinunua yeye na ametukaribisha tu. Mimi shavu limevimba, na si jino, ni yai zima la kuchemsha nililoambiwa nisilitie lote mdomoni. Nyuma yetu amesimama Dada, mkono mmoja kwenye kola yangu, mwingine kwenye kola ya kaka, maana treni ingetikisika kidogo tu tungemwagika nje wote wawili. Amevaa sare yake ya shule, ile yenye kola nyeupe. Hakuwa na gauni zuri kuliko hilo.

Ukurasa wa pili, binti alikuwa ameweka karatasi ya daftari langu kama pambo. Nilianza kusoma nikacheka mpaka fundi wa vyuma akauliza kama kuna usalama. *Treni imepiga honi. Kaka anasema yeye ndiye aliyemwambia dereva.* Halafu: *Ng'ombe wengi. Dada amenipa yai lake, anasema yeye hapendi mayai.* Halafu: *Kaka ametapika. Dada amemfuta kwa skafu yake. Kaka amesema nisiandike.* Na chini kabisa, mwandiko unapanda mlima kwa sababu ya mtikisiko: *Dada anasema shule ya mjini ina maabara. Sijui maabara ni mnyama gani.*

"Umesoma hii?" nikamwuliza binti.

"Baba Mdogo, kwa mwandiko huo? Niliweka kwa sababu inapendeza tu."

Nikarudi kwenye jalada niione tena ile picha, na safari hii macho yakashuka mpaka kwenye maandishi ya chini. *Mimi, mdogo wangu na dada wa kazi, tukielekea mjini kuanza safari ya elimu.*

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Maandishi yakawa yaleyale.

"Mama," nikasema polepole, "huyu ni nani?"

"Dada."

"Dada gani?"

"Dada wa kazi. Si umeandika mwenyewe nyuma ya picha? 'Mimi, Kaka na Dada.'" Akanitolea picha yenyewe, akaigeuza. Kweli, mwandiko wangu huo.

Sasa hapo lazima niwe mkweli kuhusu nyumba ya kaka. Kule kwao, dada ni cheo. Anaondoka mmoja anaingia mwingine, neno linabaki pale jikoni likimsubiri anayefuata. Mtoto aliyekulia nyumba ile ukimwambia dada, haoni mtu wa ukoo, anaona mtu mwenye sinia. Sisi kwetu dada alikuwa mmoja tu, mkubwa wetu, na tulimwita hivyo mpaka majirani wakafuata, mpaka mwenye duka, mpaka karani wa kanisa. Mtoto huyu yeye anamwita Shangazi. Tangu azaliwe hajasikia akiitwa kingine.

"Halafu amevaa sare," binti akaendelea, anajieleza vizuri kabisa. "Nikasema kumbe babu alikuwa na uwezo, dada wa kazi mpaka ana sare!"

"Hiyo ni sare ya shule."

"Ya shule?"

"Na huyo ni Shangazi yako."

Alicheka. Kisha akaniangalia, akaacha kucheka. Akaishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza, akaitoa mbali, kama wateja wangu wanaokataa kuwa wanahitaji miwani.

"Shangazi yule mwenye mashine ya kusaga nafaka? Mbona mwembamba?"

"Subiri na wewe zamu yako."

Akaketi kwenye kiti cha mteja, fundi wa vyuma ikabidi ampishe. Mkono mdomoni. "Baba Mdogo, wallahi nilimwuliza Baba! Nilimwuliza kabisa, huyu dada ni nani, akaniambia, ni dada aliyetulea. Mimi nikaongeza 'wa kazi' ili wageni waelewe."

Dada aliyetulea. Kaka alikuwa amesema kweli tupu. Lugha yetu hii nayo ina michezo yake, neno moja linakaa sebuleni na jikoni kwa wakati mmoja, na ni juu yako kujua limeitwa kutoka wapi. Nikaanza kumtetea kaka moyoni. Makosa ya watu wawili wema, nikasema. Tutacheka, tutabandika karatasi, yataisha.

"Na baada ya kuandika, baba yako alisoma?"

"Alisoma, si ndiyo akanirudisha? Hapa chini ya picha nilikuwa nimeandika 'mhandisi', akasema niweke 'mhandisi mkuu'."

Nikaangalia. Maneno hayo mawili yalikuwa yamekaa mstari mmoja chini ya dada wa kazi. Huwezi kulifikia moja bila kulivuka lingine. Hapo ndipo damu iliponichemka. Nilifunga duka na mteja wangu bado amevaa ile fremu ya kupimia, akatoka nayo mpaka barabarani, ikabidi nimkimbilie niirudishe.

Kaka nilimkuta sebuleni kwake, amevaa suti ya kesho, anafanyia mazoezi hotuba yake mbele ya kabati la vyombo.

"Karibu, bwana macho! Umeiona picha? Imetoka vizuri, ee? Ona shingo yangu ilivyokuwa."

"Sijaja kwa shingo. Huyu nyuma ni nani?"

"Huyo ni Dada. Umemsahau Dada?"

"Mimi sijamsahau. Soma hapo chini."

Hakusoma. Alikuwa anajua. Akakaa, akavuta suruali magotini isije ikakunjika.

"Ni neno tu, bwana. Si tunamwita Dada? Imeandikwa dada."

"Imeandikwa dada wa kazi."

"Kwani alikuwa anakaa bure?"

Alisema kama utani, anatafuta nicheke. Mimi ni mtu wa kucheka, uliza yeyote. Msibani kwa mjomba nilichekesha hadi wachimba kaburi. Lakini pale sikuona pa kushika. Nikamkumbusha tu, kwa sababu ilionekana amesahau, mambo yalivyokwenda. Mama amefariki. Baba yuko mjini, karani wa stoo, ameagiza tupelekwe kwake wote watatu tukasome. Dada ndiye pekee aliyekuwa amefaulu kuendelea na sekondari, na ametoka nyumbani amevaa sare kwa sababu alidhani atashuka kwenye treni aende nayo darasani. Tumefika, Baba akatuandikisha sisi wavulana shule ya jirani, akamgeukia yeye akasema, wewe subiri kidogo, wadogo zako wazoee kwanza. Kidogo hicho hakijaisha mpaka leo.

"Najua," kaka akasema. "Nilikuwepo."

"Sasa kama ulikuwepo?"

Akafungua kijitabu kurasa za ndani, akanionyesha kwa kidole. *Baba yetu hakuwa na mali, lakini alisomesha watoto wake wote.*

"Umeona? Kesho hotuba yangu nzima imesimama hapo. Mkurugenzi atakuwepo, vijana wa ofisini watakuwepo. Nikiweka kwamba huyu ni dada yangu, wataniuliza, na yeye alisomea nini? Nijibu nini? Kwamba mzee alisomesha wa kiume akamwacha wa kike jikoni? Nimchafue marehemu siku yangu ya kuagwa?"

"Kwa hiyo ukaona afadhali mzee awe na watoto wawili."

"Sikusema hivyo. Mtoto alikosea, mimi nikanyamaza tu."

Jamani. Watu wanaiba ng'ombe usiku, wanaiba nyaya za umeme, huyu ameiba dada kwa kunyamaza, tena amevaa suti, tena anajiona ana heshima kwa marehemu! Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti iliyomfanya shemeji achungulie kutoka jikoni kisha akarudi.

"Yeye mwenyewe hajawahi kulalamika," kaka akasema.

"Hajawahi kuulizwa."

"Vijitabu vimeshachapwa. Bango la jalada hili liko ukumbini. Na Dada unamjua, hana habari na karatasi, atapita moja kwa moja akasalimie watu jikoni."

"Jikoni?" nikasema.

Akajishika mdomo, amechelewa.

"Wewe Jumatatu uje dukani nikupime upya," nikamwambia, "maana kama ulisoma neno lile kwa miwani niliyokutengenezea mimi ukaona ni sawa, basi kuna mmoja wetu hajui kazi yake."

Nikaondoka. Nje binti alikuwa ananisubiri getini, macho mekundu. Tukapanga: asubuhi na mapema, kabla wageni hawajafika, tukabandike karatasi nyeupe kwenye bango. Vijitabu tungeona tutafanyaje. Basi la Dada lilikuwa linafika mchana.

Asubuhi tukafika ukumbini, binti na gundi, mimi na karatasi. Wahudumu wanapanga viti, fundi wa muziki anahesabu moja-mbili-moja-mbili kwenye maikrofoni kana kwamba ndipo alipoishia shuleni. Na pale mlangoni, mbele ya bango lililotuzidi sote urefu, alikuwa amesimama Dada. Amesafiri jana yake, akalala kwa rafiki yake, asije akachelewa sherehe ya mdogo wake. Gauni jipya, mkoba begani, miwani ya kusomea puani. Miwani niliyomtengenezea mimi.

Binti akaficha gundi nyuma ya mgongo. "Shikamoo, Shangazi," akasema.

"Marahaba, mwanangu." Hakugeuka. "Kitinda, njoo hapa."

Kitinda ni mimi. Ndevu zimeingia mvi, kwake bado naitwa kitinda mimba. Nikasogea.

"Nisomee hapo chini. Labda hii miwani yako ina matatizo."

Mimi, ninayewasomesha watu herufi kutwa nzima, ulimi ukagoma.

"Miwani ni mizima, Dada."

"Ahaa." Akaendelea kumwangalia yule msichana wa dirishani. Akamwangalia muda mrefu, kola, mikono, kila kitu. "Dada wa kazi hupewa likizo," akasema.

Binti akaangua kilio. "Shangazi nisamehe, ni mimi, mimi sikujua, mimi niliona sare..."

"Wewe nyamaza, unalia nini? Wewe hukuwepo." Akamfuta machozi kwa kiganja, kwa nguvu kidogo, kama alivyokuwa akitufuta sisi. "Aliyekuwepo yuko wapi?"

Aliyekuwepo alikuwa anaingia, marashi yametangulia mbele yake. Alituona, akaliona bango, nikamwona anapanga uso.

"Dada! Umefika lini? Mbona hukusema tukupokee? Karibu, karibu, nafasi yako iko meza kuu!"

"Meza kuu wanakaa na madada wa kazi?"

Kaka akacheka kwa sauti, ya kuwafikia wahudumu. "Ah, hilo! Makosa ya mtoto hilo, Dada. Vijana wa siku hizi, unawapa kazi wanaharibu."

"Baba!" binti akasema.

Sijawahi kutamani kumpiga mtu mwenye tai kama siku ile. Kumnyamazia dada yake haikutosha, sasa anamtupia mzigo mtoto wake wa kumzaa, na mtoto mwenyewe amesimama hapo na gundi mkononi! Nikafungua mdomo nimwage yote ya jana. Dada akaninyooshea kiganja bila kuniangalia.

"Kitinda, hili si lako." Akamgeukia kaka. "Meneja, ulisoma?"

Alimwita Meneja tangu utoto, kwa sababu alikuwa akiamuru hata kuku.

"Nilipitia haraka haraka, unajua mambo yalivyokuwa mengi..."

"Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ukaona ni sawa."

Kaka akashusha sauti. "Nilimfikiria mzee, Dada. Sikutaka asemwe vibaya."

"Mzee amelala. Mimi niko macho."

Ndipo kaka akaangalia chini. Dada akachukua kijitabu kutoka kwenye rundo lililokuwa mezani pale mlangoni, akakifungua, akasoma taratibu, midomo inacheza. Alipofika mahali akasimama na kidole. Sikuhitaji kuuliza ni wapi. Akamwomba binti kalamu, ile nene ya wino mweusi. Akaenda kwenye bango, akapiga mstari juu ya maneno mawili, *wa kazi*, mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Kisha akampa kaka kalamu.

"Langu nimelikata. Haya ya kwenye vitabu utakata wewe. Hilo la nje, na hili la ndani." Akamwonyesha neno *wote*. "Kila kitabu."

"Dada, wageni wanakaribia kuingia!"

"Ndiyo maana kuna kiti hapo."

"Watu wataniona mlangoni nakata vitabu vyangu mwenyewe? Siku yangu?"

"Basi usikate. Nitayakata mimi kwa mdomo, fundi ameshaijaribu maikrofoni, nimemsikia."

Kaka akaniangalia. Mimi nikaanza kulisoma bango kwa umakini mkubwa. Akamwangalia bintiye, binti akamvutia kiti.

Akakaa. Suti mpya, ua kifuani, kalamu ya wino mkononi, akaanza kukata. Jalada, mstari. Ndani, mstari. Wageni wakaanza kuingia, na mnajua watu walivyo: waliona mzee wa shughuli amekaa mlangoni na kalamu na vitabu, wakadhani anawasainia. Wakapanga foleni! Vijana wa ofisini wakatoa simu wakampiga picha. Mmoja akamwambia, "Mheshimiwa, mimi niandikie na jina langu." Kaka anakata, anatabasamu, jasho linatafuta njia kwenye kola. Dada amesimama pembeni yake, mkoba begani, anapokea salamu.

Akafika mkurugenzi. Mtu mrefu, mpole, msomaji wa kila kitu. Akapokea kijitabu chake, akaangalia mstari wa jalada, akafungua ndani, akaona mwingine.

"Umekata nini hapa?"

"Neno lilizidi, mkurugenzi."

"Lipi?"

Kaka akamtupia jicho Dada.

"Wote," kaka akasema.

Mkurugenzi akasoma kwa sauti, "'Alisomesha watoto wake.'" Akainua macho. "Kwa hiyo yuko ambaye hakusoma?"

Kwenye foleni nyuma, kila mtu alikuwa anajifanya anaangalia simu. Kalamu ya kaka ilikuwa imebaki hewani, wino umeanza kudondoka mezani. Mimi bado nilikuwa na hasira, msidhani zilikuwa zimepoa. Nilikuwa nasubiri atafute kichochoro kingine, aseme dada aliyetulea, apite katikati ya neno kama alivyopita miaka yote.

"Dada yangu," akasema. "Huyu hapa. Tumbo moja." Akaiweka kalamu mezani. "Alifaulu kuliko sisi. Akabaki jikoni ili sisi tusome."

Hakuna mtu aliyewahi kulisema hilo kwa sauti katika ukoo wetu, si Baba, si yeye, si msibani, si harusini. Mkurugenzi alimgeukia Dada, akamwinamishia kichwa. Dada akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyerudishiwa chenji yake sahihi. Akachukua kijitabu kingine juu ya rundo, akakiweka wazi mbele ya kaka, ukurasa ule.

"Endelea, Meneja," akasema. "Watu wamepanga foleni."